Nobu Tatu za Besi Yangu

Jumamosi, 29 Juni 1974. Kisanga.

Baiskeli imekwenda. Sijuti! Nimebadilishana na Donati, mhudumu wa behewa, pale stesheni ya Kilosa. Mkononi nina kidude cha chuma cha kukanyaga. Kinaitwa pedeli. Unachomeka gita upande huu, amplifaya upande ule, ukikanyaga sauti inakoroma. Donati ameapa kimetoka Dar, kwa wanamuziki wa kweli. Mama kaniuliza, Damiano, umetoaje kitu chenye pedeli mbili ukapokea chenye moja? Mama hajui mambo ya besi.

Sababu ni Letisia wa duka la ushirika, Mikumi. Mwezi uliopita alicheza nyimbo zetu zote, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, mimi kwenye bendi huwa nafanya nini. Nikasema napiga gita la besi. Akasema hajawahi kuisikia. Gita la solo la Onesphory, hilo kalisikia! Saba Saba tunapiga Mikumi. Safari hii atanisikia hata akiziba masikio.

Sasa nitakwendaje kumsalimia bila baiskeli? Hilo nitalifikiria kesho.

Jumatatu, 1 Julai.

Mazoezi. Jenereta ya kijiji imekubali kuwaka. Pedeli ina nobu tatu za kuzungusha, kama za redio: sauti, toni na ukali. Nikaanza na ukali mpaka mwisho. Kosa! Besi ikawa nyuki ndani ya debe. Uzito wote ukapotea, hata Theodory wa drams akalalamika kwamba anapiga peke yake. Nikarudisha. Ukali robo tu. Toni chini. Sauti katikati. Nikagusa uzi mnene.

Mungu wangu! Ikakoroma kutoka tumboni, kama uji wa ugali unavyotokota kwenye sufuria la shughuli, na kila noti bado imesimama wima. Nilitaka kulia.

Akaja Mzee Ulimboka, mwenyekiti wa kamati ya bendi, mbio. Nikampa shikamoo. Hakuitikia marahaba. Akazima jenereta, akasema spika ya kijiji imepasuka na aliyeipasua yumo humu. Nikaeleza kwamba spika ni nzima, kilichoharibika ni sauti, tena nimeiharibu kwa makusudi. Hapo nikajimaliza mwenyewe. Neno hujuma limetajwa. Onesphory aliinamisha kichwa kwa huzuni. Mnafiki!

Jumatano, 3 Julai.

Kikao cha kamati. Nimejitetea vizuri mno. Nilisema kidude hiki si anasa yangu, ni cha kuinua muziki wa kijiji kizima. Wakapiga makofi. Ndipo Onesphory akasimama akasema, ndugu wajumbe, kama ni cha kijiji kizima basi kisimamiwe na kijiji kizima. Makofi zaidi! Imepitishwa bila kupingwa: nobu tatu, wasimamizi watatu. Mzee Ulimboka sauti. Theodory toni. Onesphory ukali. Mimi nimebakiziwa kukanyaga.

Ijumaa, 5 Julai.

Mazoezi chini ya usimamizi. Msiba mtupu. Mzee Ulimboka anashusha sauti ili wazee waweze kuzungumza. Theodory anazungusha toni kila anapokumbuka. Onesphory kapeleka ukali mwisho na kuuacha huko. Nyuki wamerudi.

Lakini nina akili! Kila nobu ina skrubu ndogo pembeni. Nimeirudisha pedeli mahali pake patamu, kisha nikalegeza skrubu zote. Sasa nobu zinazunguka vizuri, ila ndani hakisogei kitu. Wasimamie wapendavyo! Nimecheka peke yangu mpaka mama akauliza kama nimekula.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba.

Mikumi, dansi la alasiri, uwanja umejaa. Letisia mbele kabisa, gauni la njano. Kabla ya wimbo wa kwanza wasimamizi wakaiinamia pedeli. Mzee Ulimboka akapunguza, akasema sasa tutasikilizana. Theodory akazungusha toni raundi mbili kamili, akatangaza imeiva. Onesphory akasukuma ukali mwisho, akanitazama huku akitabasamu. Nikakanyaga.

Vumbi! Besi ilipita ardhini ikawaingia miguuni. Hata wazee waliacha mazungumzo wakainuka. Letisia akasimama, akaweka mkono kifuani, akatafuta inatoka wapi. Amenisikia! Nilifurahi mpaka nikapotea katikati ya wimbo, na hakuna aliyejali.

Dansi lilipokwisha nikamkimbilia. Nimechelewa. Onesphory alikuwa ameshamweleza kwamba mngurumo ule ni kazi ya msimamizi wa ukali. Letisia akaniambia nina bahati kusaidiwa na fundi wa namna ile. Ningesema nini? Kwamba nimelegeza nobu za kijiji, mbele ya Mzee Ulimboka, ambaye naye alikuwa akipokea pongezi za sauti? Nikasema ndiyo, nina bahati sana. Imeniuma.

Jumanne, 9 Julai.

Asubuhi nimesikia kengele ya baiskeli barabarani. Naijua kengele ile! Kumbe Donati ameiuza, na aliyeinunua ni Onesphory. Alikuwa anakwenda Mikumi, amepaka mafuta kichwani.

Mama anasema nichukue gita, niombe lifti kwenye lori la pamba, nikampigie Letisia dukani kwake kwa vidole vyangu tu, bila kidude. Akinisikia yeye peke yake, inatosha. Maskini mama. Bado hajui mambo ya besi.

Kwa bahati Donati ameleta habari. Amepata pedeli nyingine, kubwa, yenye nobu sita! Anataka mbuzi. Mbuzi yupo, ni wa mama, lakini mama atakuja kunishukuru. Nimeshapiga hesabu yangu. Wasimamizi ni watatu, watachukua nobu tatu. Zinazobaki zote zangu!