Fomu Yenye Visanduku Arobaini na Kimoja

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza kutengeneza fomu ya mtandaoni ya duka letu la ushonaji. Tangu mke wangu afariki, miezi saba sasa, wateja wanahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Marehemu alimpima mtu kwa jicho tu, akiwa bado mlangoni. Mimi jicho hilo sina. Nina kompyuta. Shemeji, mdogo wake, ndiye anayeshona siku hizi. Amenipa hadi Ijumaa: wateja wasiporudi, anafunga duka na kutafuta kazi kiwandani.

Jumanne, 4 Machi
Fomu tayari. Visanduku arobaini na kimoja, vyote lazima vijazwe. Ukibonyeza kimoja, mwanasesere wa kwenye skrini anageuka kukuonyesha mahali pa kupima. Nimemgeuza mara thelathini. Sikujua mikono yangu ina uwezo huu. Shemeji kauliza mtu anayetaka sketi anapimwa kichwa cha nini. Nikamwambia huo ndio ubunifu.

Jumatano, 5 Machi
Waliomaliza fomu: hakuna. Muuguzi wa jirani kaja dukani kuuliza atajipimaje mgongo peke yake. Nikampima. Kisha nikamsihi arudi nyumbani akajaze. Akamgeukia shemeji. Shemeji akasema, "Mzoee tu, dada, ndivyo alivyo."

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kafuta visanduku vyangu. Kaacha vinne: jina, simu, siku ya kuja kupimwa, na "Jambo lingine". Nimenuna hadi mchana. Kufikia saa kumi, watu kumi na wawili! Na kwenye "Jambo lingine" hawakuandika habari za nguo wanazotaka, bali za marehemu. Mmoja anasema mama fundi alimwachia nafasi ya tumbo kwenye gauni kabla yeye mwenyewe hajajua kuwa ni mjamzito. Mwingine alishonewa mfuko wa ndani kwenye sare, wa kutunzia barua ya baba yake. Miaka ishirini nimeishi naye, haya sikuyajua. Nimesoma nikiwa nimesimama. Kukaa niliona si adabu.

Ijumaa, 7 Machi
Wamefika kumi na tisa. Duka halifungwi. Shemeji kaomba kitu kimoja tu: fomu nisiiguse tena. Nimemwahidi. Halafu nikawaza, kama kisanduku kimoja kimeleta yote haya, thelathini je? Sasa nipo kwenye cha ishirini na sita: "Alipokuwa anakupima, aliimba wimbo gani?"