Mashine Zinakataa Kuharibika

Kwako Mzee Stanislausi,
Meneja, Kiwanda cha Kuchambua Pamba, Bunda.

YAH: OMBI LA KURUHUSIWA HITILAFU

Kwa masikitiko makubwa naitangazia ofisi yako kwamba leo asubuhi mashine zote zimewaka na zinaendelea kuunguruma. Jana ilikuwa hivyo hivyo. Hali ni mbaya.

Mzee, kwenye kikao ulisema mbele ya watu kwamba huoni kazi ya mhandisi wa matengenezo katika kiwanda kisichoharibika, na kwamba msimu ukiisha nafasi yangu itaondolewa. Sibishi. Nilimweleza mke wangu Jenipher, akauliza, "Kwani huko huwa unafanyaga nini?" Nikamwambia napaka grisi mapema, nasikiliza beringi, nabadilisha mkanda kabla haujakatika. Akasema, "Kumbe Meneja ana hoja." Ndipo nikachukua kalamu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi aliyenitangulia, Masanja, alikuwa shujaa. Mashine ikisimama, na ilisimama sana, alizama chini yake ikabaki miguu tu. Akitoka ni mweusi tii kwa grisi, watu makofi, wewe mwenyewe unamwagizia soda. Mimi ovaroli yangu ni safi, na usafi huo umegeuka ushahidi dhidi yangu.

2. Wafanyakazi wameninunia. Enzi za Masanja mkanda ukikatika walikaa juu ya marobota, Rhobi wa jikoni akaleta chai, soga zikapigwa. Juzi Rhobi kanipakulia mchuzi mtupu: "Nyie watu wa Butiama mna roho mbaya! Tangu uje hatukaagi chini!"

3. Dafroza wa mizani alichumbiwa siku mota ilipoungua na kazi ikasimama. Wenzake wa zamu hawajapata nafasi kama hiyo, na mama zao wananiangalia vibaya kanisani.

Kwa hiyo naomba kibali cha hitilafu moja kila Alhamisi, chai ikishaiva. Nitalegeza nati isiyo na madhara. Wewe utaniita kwa ukali, ikiwezekana ushike kichwa. Grisi ya usoni nitajipaka mwenyewe. Wakija wageni kutoka Musoma, naweza kuongeza moshi kidogo.

Nisalimie mama nyumbani, karani, mlinzi wa geti, na Rhobi pia, maana chuki sina.

Ni mimi, mhandisi wako mpaka pamba iishe,
Wanzagi Samweli

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, mashine zote zimezima kwa mpigo. Nimekimbia, nimelala chini ya ile kubwa, nimegonga hapa na pale kwa spana, mara zikawaka. Kiwanda kizima kimeshangilia, nawe umenishika mkono ukatamka kwamba nafasi yangu haina mjadala tena. Basi tuhesabu kwamba barua hii haikuandikwa. Umeme ulikuwa umekatika kata yetu yote ya Kabasa, ukarudi wenyewe.