Siku Kompyuta Zangu Zilipoambiwa Zimezeeka

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimetukanwa na kompyuta yangu mwenyewe! Nafungua chumba, nawasha Bi Mkubwa, ile ya dirishani, nasubiri aamke kwa raha zake. Kabla sijaketi anatoa tangazo katikati ya skrini. Kwamba mfumo mpya umetoka. Kwamba kompyuta hii haina sifa za kuupokea. Kwamba mfumo wa zamani hautahudumiwa tena, ninunue mashine nyingine. Nyingine! Bi Mkubwa hana hata mafua. Nilipomaliza kusoma nilichapa barua ya mteja, ikatoka safi. Nikawasha zile mbili za ukutani. Maneno yale yale.

Balaa ni kwamba mama mkwe alikuwa mlangoni. Chumba ni chake. Nachapa na kutoa kopi humu kwa hisani yake, na tangu mwaka jana anakitolea macho aweke friza, auze maji baridi. Akalisoma tangazo kwa sauti, neno kwa neno, kama wosia. Akasema, pole sana mwanangu, Jumamosi friza inaingia.

Mke wangu, anayeshona nguo chumba cha pili, anasema upo mfumo wa bure usiochagua umri wa mashine. Ofisini kwa dada yake wanautumia. Nikamjibu cha bure hakina heshima. Ana moyo mzuri, lakini haya ni mambo ya kitaalamu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeugundua ugonjwa! Mfumo mpya unataka kidude cha usalama ndani ya mashine, kidogo kama ukucha. Watu wanatupa kompyuta nzima kwa ajili ya ukucha! Nikamfungua Bi Mkubwa kwa kisu cha jikoni. Vumbi la kutosha kupanda maharage. Nikaona kijinafasi kitupu. Nikawaza: kitu gani ni kidogo, bapa, kina dhahabu, na kinahusu usalama? Laini ya simu! Ina hata namba ya siri. Nikachomoa ya kwangu, nikaipachika kwa gundi ya viatu.

Bi Mkubwa akawaka. Tangazo lile lile. Laini haibanduki. Kutwa nzima wateja wamenipigia bila kunipata, wakaenda kwa Kisasa.

Kisasa ni mpinzani wangu wa ng'ambo ya barabara. Naye anachapa na kutoa kopi. Leo katundika bango: HAPA MFUMO MPYA TU. Akanipungia mkono kwa huruma. Huruma yake abaki nayo.

Jumatano, 8 Oktoba

Kwa nini nihangaike na tumbo la mashine wakati mteja anaona uso? Nimekwenda kwa Kisasa kama mteja, kutoa kopi ya cheti. Alipogeukia mashine ya kopi, nikabandua stika inayong'aa ya mfumo mpya kwenye kompyuta yake. Ilitoka upesi, gundi bado mbichi. Chini yake palikuwa na stika nyingine iliyopauka. Sikuisoma. Mtu aliye kazini hasomi.

Bi Mkubwa kavaa stika. Kapendeza! Muda si muda akaingia mwenyekiti wa kwaya, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Akaitazama stika, akasema sasa umekuwa mtu. Akanipa kazi ya kitabu cha nyimbo zote za kwaya, kitoke kabla ya tamasha la Jumapili. Nyimbo zenyewe hazijaandikwa popote. Wanazo vichwani tu, na wazee wao wanapungua. Kwa hiyo yeye anaimba, mimi nachapa. Mama mkwe akasikia, akaahidi kitabu kikitoka, chumba kitabaki cha kuchapia. Nimecheza peke yangu nyuma ya mlango.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nyimbo zote zimo ndani ya Bi Mkubwa! Mwenyekiti sauti imemkauka, kaenda kupumzika. Imebaki kupanga kurasa. Mwingine angetulia. Mimi naona mbali.

Nikiwaambia watu kwamba Jumamosi adhuhuri kompyuta zote za zamani zitajifunga na kumeza kila kilichomo, watazitupa. Wakizitupa, nitaziokota. Nikiziokota zote, mtaa mzima utachapia kwangu! Nikamwambia kinyozi, na kwamba za kutupwa nazipokea mimi. Ukimwambia kinyozi huhitaji redio.

Kufika jioni zahanati imeleta zake, shule imeleta za ofisini, fundi saa kaleta yake imefunikwa shuka kama mgonjwa. Zimejaa hadi dirishani. Naandika haya nimekalia moja. Mke wangu kauliza za nini. Nimemwambia atulie, atakula matunda yake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kinyozi kanieleza kwamba zitatoa moshi kwanza. Nesi wa zahanati kasema binamu yake ameushuhudia moshi huo kwa macho. Nikawacheka. Kisha nikaacha kucheka. Uvumi ni wangu, sawa, lakini mimi nilisema zitajifunga tu. Habari za moshi wamezitoa wapi? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga.

Nikamtazama Bi Mkubwa. Kazi yote ya kwaya tumboni mwake! Nikambeba pamoja na wenzake wawili hadi kwa Kisasa, nikambembeleza tubadilishane. Akakubali haraka kama rafiki. Akanipa moja mpya, stika inameremeta. Nimeponea chupuchupu!

Nikarudi, nikaketi kupanga kurasa. Nyimbo ziko wapi? Ndani ya Bi Mkubwa!

Nikatoka mbio. Kisasa kafunga duka, kaenda harusini, hadi Jumatatu. Nimemweleza mke wangu kila kitu. Akanitazama, akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisha akampigia dada yake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi nilijificha chini ya cherehani. Nikasikia sauti ya mwenyekiti, halafu sauti nyingi. Kwaya nzima! Nikajua wamekuja kunipiga.

Kumbe mke wangu ndiye kawaita. Tangu alfajiri yeye na dada yake walikuwa wanaingiza ule mfumo wa bure kwenye kompyuta nilizookota, moja baada ya nyingine, kwa kiflashi kimoja. Zote zimeamka! Adhuhuri ikapita. Moshi wowote? Hata wa sigara hakuna.

Wanakwaya wakagawana mashine, sebuleni, koridoni, juu ya vitanda. Kila mmoja akaimba ubeti wake huku akiuchapa. Waimbaji wa sauti ya nne walipiga kibodi kwa kidole kimoja, lakini kwa mdundo. Sijawahi kuisikia nyumba yetu ikiwa hivi. Nikatoka chini ya cherehani nikiimba.

Mama mkwe akafika na friza kuukuu juu ya mkokoteni. Ubeti wa tatu wa wimbo mmoja, ambao hata mwenyekiti aliuruka Alhamisi, ulikuwa umewashinda wote. Akausikia unakwama, akauimba mlangoni, wote, bila kukosea neno. Alifundishwa na marehemu mama yake. Wakamkalisha mbele ya kibodi, machozi yakimtoka huku akicheka. Friza ikachomekwa umeme kupitia dirishani, na jioni kwaya ikanywa maji baridi.

Kitabu kimetoka! Nimelia, sioni haya kusema. Wenye mashine wamekuja kuzichukua, wameona zina kasi kuliko zamani, wakamwachia mke wangu mbili kwa shukrani. Mama mkwe katimiza ahadi: chumba kimebaki cha kuchapia. Cha mke wangu. Mimi ni msaidizi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tamasha jana lilifana mno. Leo nimewasha kompyuta yangu mpya. Ikatoa tangazo: haina sifa za kuupokea mfumo mpya! Nikabandua stika. Chini yake, stika nyingine iliyopauka. Jambazi! Mtu gani hubandika stika ya uongo kwenye mashine nzee? Watu wengine hawana haya. Na laini yangu ya simu bado imo tumboni mwa Bi Mkubwa. Anapokea simu zangu kwa Kisasa.

Mke wangu kajitolea kuiwekea ule mfumo wa bure. Nikamkumbusha kwamba cha bure hakina heshima.

Nina mpango bora. Friza ya mama mkwe iko nje dirishani, inaninyima hewa. Nimemnong'oneza kinyozi kwamba Jumamosi friza zote za zamani zitaacha kugandisha.

Jioni nimepita kuigusa. Kusema kweli, hata mimi nimeihisi ina joto kidogo.