Dhahabu Ilipopewa Mapumziko

Pembe ililia asubuhi, na Iddi mpiga mbiu akasimama katikati ya soko la Chole, akakohoa kohoo la kiserikali, akapaza sauti:

"Enyi watu wa Chole, wa Juani na wa Jibondo, wenye masikio na wenye kujifanya hawana! Serikali imeona kwamba dhahabu ya nchi hii inafanyishwa kazi kupita kiasi. Kila harusi yeye, kila maulidi yeye, leo shingo hii, kesho shingo ile, hana siku ya kupumzika. Basi Bwana Akida ameipa mapumziko! Yote ipelekwe Nyumba ya Kutazamia Dhahabu. Huko itakaa, na watu ndio watakaoifuata kuitazama. Ikishaingia, haitoki!"

"Haitoki mpaka lini?" aliuliza Bi Arafa, mkononi ana fungu la mchicha.

"Bi Arafa, mimi ni pembe tu. Pembe haiulizwi."

Arafa alikuwa na haki ya kuuliza. Mumewe, Kombo, ndiye sonara wa Chole, na binti yao Kidawa alikuwa anaolewa Ijumaa ya pili yake. Sasa, Chole hapakuwa na nyumba yenye dhahabu ya kumtosha bibi harusi mzima. Kidani kwa huyu, banagiri za mikononi kwa yule, majasi ya masikio kwa shangazi wa yule. Vyote vilizunguka harusi hadi harusi, na aliyevaa hakuvivua mpaka fungate yake iishe. Kumtoa bibi harusi bila dhahabu ya majirani kulikuwa sawa na kusema hana majirani. Na wakwe wa Kidawa walikuwa watu wa Jibondo, watu wasioacha jambo kama hilo lipite kimya.

Lakini mambo makubwa yana mpango wake, na mpango huu ulikuwa na akili nyingi. Akida Awadh, mtu wa ukoo mkubwa na kilemba kikubwa kuliko ukoo, alikuwa amesikia kwamba kwao Wazungu kitu kizuri hakitumiwi: huwekwa ndani ya nyumba, kikatazamwa. Alisikia pia kwamba Bwana Mkubwa wa Dar es Salaam yuko njiani kuja kukagua, na kwamba kiti cha uliwali, kilicho juu ya uakida, kiko wazi. Akayaunganisha mambo hayo mawili bila kusaidiwa na mtu. Akatoa ghorofa yake mwenyewe, iliyojengwa kwa mawe yaliyochukuliwa kwenye magofu ya Kua bila Kua kuulizwa. Yeye na mkewe Biubwa wakabaki na chumba cha chini.

Kombo akateuliwa, bila kuombwa, kuwa Mkuu wa Mpangilio wa Mapambo Yaliyotulia. Siku ya kupanga, Akida aliinua kidani kikubwa kuliko vyote.

"Hivi vidudu gani, Kombo?"

"Si vidudu, Bwana. Mikono ya pweza. Nilikaa mwambani nikimtazama anavyojikunja, hata maji yakanifika kifuani. Kila mkono una mkunjo wake."

"Pweza hana heshima ya kiserikali. Akiuliza mtu, sema ni ua."

Kombo akasema ndiyo, ni ua, ua lenye mikono minane.

Masharti ya kutazama yalikuwa mepesi. Mtazamaji asimame mbali. Asiguse. Asivute pumzi ya kutamani. Na mwanamke yeyote asiseme "hiki changu", aseme "hiki chetu sote, kwa idhini."

Nyumba ilifunguliwa, na hakuja mtu. Wanawake wa Chole walikuwa wanakijua kila kipini tangu hawajaota meno, hawakuona kwa nini wapande ngazi kukiamkia. Mfaume, askari wa mlangoni, alilinda kwa uaminifu mkubwa, akilala wima.

Ndipo Arafa alipokwenda kwa Akida.

"Shikamoo, Bwana Akida."

"Marahaba, Bi Arafa. Umekuja kutazama?"

"Nimekuja kuomba. Kidawa anaolewa Ijumaa. Nimtoe mtupu?"

"Mpambe kwa asumini. Asumini bado haina matumizi ya kiserikali."

"Asumini hunyauka siku moja, Bwana. Fungate siku saba."

"Basi afanye fungate fupi."

Arafa alimkazia macho. Alikuwa na tabia ya kumkazia mtu macho mpaka aone haya, ila Akida hakuwa mwepesi wa kuona.

"Kwa hiyo haitoki kabisa?"

"Haivuki mlango ule hata aje kadhi."

"Na kuivaa mle mle ndani?"

Akida akacheka mpaka kilemba kikapinda. "Aivae nani, panya? Kilichokatazwa ni kutoka, mama. Amri haijisumbui na yasiyowezekana."

"Na kuingia je?"

"Kuingia ni wajibu!" Hapo Akida alikunjuka uso. "Bwana Mkubwa asije akakuta nyumba kimya. Njoo na wenzio. Njooni wengi. Kaeni mtakavyo."

"Ahsante, Bwana. Tutakuja wengi."

Ijumaa, Akida akiwa bomani, wanawake walikuja kutazama. Walikuja na mikeka, chetezo na ubani, sufuria ya pilau, kitanda cha samadari kilichopandishwa vipande vipande, na Kidawa amefunikwa gubigubi. Mfaume akauliza kitanda ni cha nini.

"Cha kutazamia," akaambiwa. "Tumechoka kusimama."

Mfaume akaona ni sawa. Baadaye ukaja ujumbe wa watazamaji wanaume kutoka Jibondo, mmoja wao, Ussi, kavaa kibwana harusi, joho na jambia. Akaingia, wenzake wakarudi. Vigelegele vikapasua dari.

Akida aliporejea, mlango ulikuwa umefungwa.

"Fungua, Mfaume!"

"Haiwezekani, Bwana. Ndani pana fungate."

"Fungate ndani ya nyumba yangu?"

Arafa akatokeza dirishani, mpole kama kawaida yake. "Masalkheri, Bwana Akida. Dhahabu yako salama, haikutoka hata kipini. Sasa amevaa bibi harusi, naye havui mpaka fungate iishe. Kwa hiyo na yeye hatoki."

"Mvueni!"

Wazee waliokuwa barazani wakatazama vidole vyao vya miguu. Kumvua bibi harusi ndani ya fungate! Akida alijisikia mwenyewe alivyosema, akakohoa.

"Nimesema mvumilieni," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayezama: "Biubwa! Mke wangu! Uko wapi?"

"Abee! Niko huku juu, nakoroga uji."

"Unafanya nini huko?"

"Natazama dhahabu, mume wangu. Si ulituamrisha?"

Na chumba cha chini? Ndimo walimolala bibi zake Kidawa. Akida akalala kwenye karakana ya Kombo, kando ya mvukuto, akiupulizia moto usingizini.

Bwana Mkubwa alifika mapema. Fungate ilikuwa bado haijaisha. Akida alimpokea na kanzu yenye masizi mgongoni, akaeleza kwa ufasaha mkubwa kwamba maonyesho yamepatwa na harusi. Bwana Mkubwa hakuelewa. Akapanda ngazi.

Juu, wanawake wakamzuia. "Bibi harusi hatazamwi bure," Arafa alisema. "Mtazamaji hutunza."

Mzungu akajipapasa. Alichokuwa nacho ni mkufu wa saa yake, wa dhahabu. Akaufungua. Kidawa, uso ndani ya ushungi, akatokezwa hadi mlangoni, mikono imejaa banagiri, kidani kifuani. Alipovuta pumzi, mikono ya pweza ikakunjuka, ikajikunja.

"Hai!" Bwana Mkubwa alisema kwa Kiswahili chake cha boma. "Kwetu dhahabu ndani ya kabati, kama maiti. Hapa hai! Mnyama gani huyu?"

"Pweza, Bwana," alisema Kombo, kutoka ngazini, kabla Akida hajamwahi.

"Pweza! Safi sana. Hivi hivi iwe. Dhahabu itembee na bibi harusi. Hapana harusi, nyumba ifungwe, mtu asikae. Ufunguo kwa mama huyu." Akamgeukia Akida. "Nyumba ya nani?"

Huo ndio wakati ambao Akida aliungojea. Akanyoosha mgongo, masizi na yote.

"Ya Serikali, Bwana Mkubwa! Nimeitoa mimi, kwa moyo wangu!"

"Vizuri. Imepokelewa."

Kidawa akamaliza fungate yake kamili, akaenda Jibondo kwa wakwe, ambao hawakupata la kunong'ona ila bei ya mkufu wa saa. Uliwali akapewa mtu mwingine, mwenye nyumba.

Tangu hapo Akida akawa mtu wa kheri asiye na mfano. Kwa kuwa nyumba yake hufunguliwa penye harusi tu, alipita mlango kwa mlango akisifu ndoa. Vijana wa Chole walipomwona walijificha mashambani. Hata mzee Shamte, aliyezika wake watatu na kuapa kwamba imetosha, alifuatwa mpaka shambani kwake.

"Shamte, ndugu yangu, huoni baridi usiku?"

"Naona," alisema Shamte, akiendelea kupalilia. "Nawe siku hizi unalala wapi?"