Kizimba cha ME

Jumatatu, 3 Machi
Sikulala. Mtoto anaota meno. Na leo ndiyo Daktari wa maabara katangaza: kati yangu na Madoido, mhudumu mwenzangu, ataajiriwa mmoja tu. Mwingine, kwaheri. Madoido kacheka, eti mama mtoto wewe nenda zako ukanyonyeshe. Haya! Tutaonana.

Jumanne, 4 Machi
Mpango: kung'arisha vizimba vya panya kumshinda Madoido. Panya wangu wote nimewatia kwenye karai moja kubwa, wakapiga soga asubuhi nzima. Vizimba vinameremeta! Dawa imefuta na vibandiko vya ME na KE. Si kitu. Nimewapanga upya kwa macho: wanene KE, wembamba ME. Nani asiyejua? Mimi nimezaa juzi, baba mtoto mwembamba kama ufagio. Ushahidi nalala nao.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemuuliza Daktari anatafuta nini kwa panya wetu. Kasema mafuta ya tumboni si mzigo tu, yana seli za kinga, askari wa mwili. Homoni za kiume huwaita askari watulizaji kwa wingi kwenye mafuta ya panya dume. Jike anao wachache. Nimemwambia baba mtoto kuwa askari wake wametuliza kupita kiasi, mtoto akilia hasikii.
Dume langu moja limenenepa ajabu. Mkono wangu huo! Wa Madoido wako vilevile.

Jumatano, 19 Machi
Daktari kapima mafuta ya panya wangu. Kinyume kabisa! KE wana askari watulizaji tele, ME wachache. Kasimama, kakaa, kasimama tena. Haijawahi kuonekana, kasema, wakubwa waje Jumatatu. Kanishika bega: dada, umefanya kazi! Nimerudi nyumbani kichwa juu. Nimemwambia binti yangu mama yake kagundua jambo. Kanitapikia bega lilelile.

Jumatatu, 24 Machi
Wakubwa wamekuja na tai zao. Daktari kafungua kizimba cha ME kwa madaha. Dume langu nene lilikuwa linanyonyesha. Watoto saba! Mkubwa mmoja kauliza kama na hilo ni la homoni. Madoido kacheka mpaka kakaa sakafuni. Nikamwambia akome, mzazi hachekwi, amechoka. Nikamwekea yule mama pamba ya kulalia. Daktari hakunitazama.

Jumanne, 25 Machi
Nafasi kapata Madoido. Mimi Daktari kanionea huruma kwa ajili ya mtoto, kanipeleka stoo ya kemikali. Ningoje huko, nisiguse panya. Hawajui wamempa nani stoo! Chupa zilikuwa na vumbi, aibu tupu. Nimezisugua zote, zinang'aa kama macho ya binti yangu. Vibandiko vimebanduka. Si kitu. Nimeandika upya kwa mkono wangu, herufi kubwa, safi. Zote zisizo na rangi: MAJI.