Kisima cha Mafuta cha Gwata

Jumatatu, 3 Machi
Nimegundua mafuta! Shambani kwangu Gwata, pembeni ya mihogo. Kweli niliyamwaga mwenyewe shimoni jana, lita ishirini za oil chafu kutoka gereji ya Kwa Mathias. Lakini nimelichungulia lile shimo saa nzima. Huko chini kabisa kuna nini? Nani anajua?

Jumatano, 5 Machi
Kampuni imeanza. Mwenyekiti mimi, katibu shangazi Juliana, mstaafu wa ofisi ya kata. Nilimwambia tuko wawili tu, tuongee tu. Akasema kikao ni kikao, akafungua daftari. Mke wangu Vailet ameuliza shamba likiondoka tutakula nini. Mawazo ya mihogo hayo!

Jumamosi, 8 Machi
Kisarawe, kuuza hisa. Mwalimu Khalfani alinusa chupa ya sampuli, akauliza mbona mafuta ya ardhini yananukia bodaboda. Nikamjibu bodaboda ndiyo inanukia mafuta ya ardhini. Kanunua hisa tano! Shangazi akapitisha karatasi ya mahudhurio, wote wakasaini.

Ijumaa, 14 Machi
Khalfani kaja Gwata bila taarifa. Kakoroga kisima kwa fimbo, kaopoa mfuniko wa dumu. Nikasema huenda ni wa kale sana. Kaenda polisi.

Jumanne, 17 Juni
Mahakamani Kisarawe, baada ya kuahirishwa mara nne. Shtaka: kujipatia fedha kwa udanganyifu. Nilikana kila kitu, tena vizuri. Ndipo akaitwa shangazi na daftari lake. Akasoma: ajenda ya tatu, mwenyekiti aliarifu kuwa amemwaga lita ishirini za oil chafu shimoni, kikao kikapokea taarifa kwa furaha. Chini, saini yangu! Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaomba asomewe tena.
Shamba liuzwe, watu warudishiwe fedha zao. Mimi kifungo cha nje miezi sita, nikifanya kazi za jamii. Njiani kurudi Vailet alikaa kiti cha mbali nami. Imeniuma sana.

Jumatatu, 23 Juni
Natumikia adhabu: kuchimba shimo la choo cha ofisi moja hapa Kisarawe. Futi ya nane, udongo mweusi, harufu kali. Gesi asilia? Msimamizi anasema ni choo cha zamani cha jirani. Hana upeo.
Nimelitafakari kosa langu kwa kina. Ni moja tu: nilimwachia shangazi kalamu. Nimeshanunua daftari. Safari hii muhtasari naandika mwenyewe.