Malalamiko Kuhusu Jina la Enzaimu

Kwa Mtaalamu wa Bayokemia, Winfrida, mjukuu wangu uliyepotea,

Huku Bigwa juu hata wachuuzi wa sindano wanafika, wewe uliye hapo chuoni Mazimbu unashindwa. Mbwa sasa anaibwekea picha yako. Shikamoo yako ya simu niliisikia. Marahaba ninayo hapa, uje uichukue. Anayeniandikia ni jirani Filomena, nami nimemkataza kupunguza makali.

Uliniambia kwamba nikitia kimea kwenye uji mzito, kinachoulainisha ukawa togwa kinaitwa enzaimu. Ukasema jina alilitoa Mjerumani mmoja zamani, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu". Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na jina hutoka huko. Huyo Mjerumani ni nani wake? Mjomba?

2. "Ndani ya chachu" si jina, ni mahali. Ni kama mimi niitwe Ndani ya Jiko kwa kuwa ndiko mnakonikutaga. Tena enzaimu wangu anakaa kwenye kimea cha ulezi, hajahama.

3. Ulisema anageuza kila kitu na mwenyewe hapungui. Mfanyakazi wa hivyo hapewi jina la kuokota. Hapa nyumbani namjua mmoja tu, na yeye mnamwita Bibi, basi.

4. Kwa hiyo naomba chuo chako kilifute jina hilo vitabuni. Wajukuu wa Mjerumani waje na kuku, waketi mkekani, wanawake wa ukoo tutoe jina. Mgiriki naye aje, maana sidhani kama aliombwa maneno yake. Mpaka hapo nimeukataza uji kuwa togwa. Umekuwa togwa vilevile, lakini nimeukataza.

Wasalimie walimu wako wote, na huyo mpishi wa chuo anayekukondesha.

Ni mimi bibi yako, mwenye kimea na haki,
Anastasia

Nyongeza: Dada yako Magreth amejifungua binti. Jina nimelitoa mimi: Enzaimu. Ni kadogo, kazi yake haionekani, ila tangu kaingie nyumba yote imelainika. Hata mjomba wako Gabrieli anacheka. Padre ameuliza ni mtakatifu gani huyo, nikamwambia utamjibu wewe. Na mtoto hatolewi nje mpaka mama yake mdogo awepo. Ukija, nawa mikono, umbebe, umweleze maana ya jina lake. Mjerumani usimtaje.